Mtoto Akishtuka, Angalia Mikono Yote Miwili

Juzi usiku, nimeshazima taa, simu ikaita mlio wa ujumbe. Dada mmoja msomaji wangu, yuko Morogoro: "Mwanangu ana miezi mitano, bado anakunja ngumi, zaidi mkono wa kushoto, na kidole gumba kimo ndani. Baba yake anasema atakuwa bondia. Wifi yangu anasema huo ni mkono wa birika, atakuwa bahili kama babu yake. Dada, nicheke nao au nilie?"

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nilale. Saa saba ikanikuta bado naandika. Basi naiweka hapa, maana wengi mnaonifuata mnalea, na hakuna hata mmoja wenu anayetaka mwanawe abaki nyuma.

Mwanangu wa pili alizaliwa na kilo nne na nusu. Nilijivuna, na majivuno yale yakanitokea puani. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Dakika zile sizisimulii. Alipolia tukamshukuru Mungu, nikatoka wodini na pongezi za kilo. Habari ya bega hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza.

Nikapelekwa ukweni, Tanga, kukaa arobaini. Mama mkwe wangu ni fundi wa kukanda watoto, hilo simnyimi. Mtoto akakandwa, akatiwa wanja, akafungwa uzi mweusi, kisha akaviringishwa kanga gubigubi, mikono ndani. Mtoto aliyefungwa vile unamwona uso tu. Siku ya tisa nilikuwa nimemfungua nimbadilishe nepi, jikoni mtu akaangusha mfuniko wa sufuria. Mtoto akashtuka. Mnakujua kushtuka kwao: mikono inaruka pembeni, vidole vinachanua, halafu inarudi kifuani kama anakumbatia kitu, kisha kilio. Mkono wa kulia ulifanya hayo yote. Wa kushoto ulibaki juu ya kanga, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma, kama wa mtu anayepokea hongo kwa siri.

Nikapiga kofi moja. Wa kulia ukaruka. Wa kushoto kimya.

Nikamwita mama mkwe aone. "Umemlalia," akasema. "Nyie wasichana wa Dar mnalala kama magogo." Miaka sita imepita, na nikipika wali wa nazi siku za sikukuu anakuja kwangu, tunakula sahani moja. Lakini neno lile bado liko palepale liliponiangukia. Nililiamini. Usiku nilikaa nimemkumbatia nikiogopa kusinzia.

Halafu nikajidanganya mwenyewe. Nilimtia kidole changu kwenye kile kiganja cha kushoto, akakibana barabara. Nikasema: mkono unaoshika haujafa, utainuka tu. Kila mtu aliyeuliza nilimwonyesha jinsi anavyoshika kidole.

Wiki ya sita tukaenda kliniki. Foleni toka alfajiri, mtoto kwenye mizani, matone mdomoni, sindano ya paja. Nikamwambia nesi, mkono huu hauinuki. Hakuinua macho kwenye kadi. "Kilo zimepanda vizuri mama, huyu hana shida. Anayefuata!" Na kweli, mstari kwenye kadi ulikuwa unapanda kama ngazi. Nikafunga mzigo wangu nikaondoka, nusu nimefurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno ya mkwe: kwamba nilifurahi.

Aliyenishtua ni jirani tuliporudi Dar. Alikuwa akimpeleka mwanawe kwenye fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, akaona namna ninavyomvalisha wangu, akanivuta pembeni. Wiki ya nane tukawa mbele ya mama mmoja wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua. Hakumgusa mtoto kwanza. Alimlaza juu ya godoro, uchi, akamtazama tu, dakika tatu nzima. Mimi nikadhani ananiringia. Kisha akamwinua kidogo, kichwa kimelala kwenye kiganja chake, akakishusha ghafla kidogo huku bado amekishika. (Msijaribu nyumbani, nawaomba.) Kulia kukaruka, kushoto kimya. Akaweka vidole vyake kwenye viganja vyote viwili, akatabasamu. "Kiganja kinashika. Hiyo nzuri. Lakini ndiyo iliyokudanganya, sivyo?"

Nikaangua kilio.

Akanieleza. Neva tano kubwa, yaani mishipa ya fahamu, hutoka shingoni kwenda mkononi. Za juu ndizo zinazoinua bega na kukunja kiwiko. Za chini zinaendesha kiganja na vidole. Bega lilipokwama, shingo ikavutwa, za juu zikaumia na za chini zikasalimika. Ndiyo maana mtoto anashika kidole lakini haruki anaposhtuka. Mambo mawili anayozaliwa nayo kila mtoto, moja lipo na jingine halipo upande mmoja, na kutokana na hayo mama yule aliweza kunionyesha kwa kidole shingoni palipoumia. Kushtuka kule kunaitwa refleksi ya Moro (refleksi ni mwili kujibu wenyewe, bila mtoto kukusudia), kwa jina la daktari wa watoto Ernst Moro aliyeieleza mwaka 1918. Kupooza kwa mkono kwa namna ile wanakuita kwa jina la daktari Mjerumani, Erb, tangu karne ya kumi na tisa. Karne nzima na zaidi watu wanalijua, na mimi naambiwa nimemlalia!

Wengi hurejea wenyewe ndani ya miezi michache, akasema. Lakini asipokunja kiwiko ifikapo miezi mitatu, atatakiwa kuonwa na daktari wa upasuaji. Nikaizungushia duara tarehe ile kwenye kalenda ya ukutani.

Mazoezi yale sitawachosha nayo. Kila nepi, kila siku, taratibu. Moja tu nawapa: kuvaa unaanza na mkono mgonjwa, kuvua unamalizia nao, na mtoto hainuliwi kwa makwapa. Wiki ya kumi na mbili, alasiri, nimemlaza sakafuni kwenye mkeka nachambua mchele, nikaona ngumi ya kushoto inakokotwa mkekani, inasimama, inakokotwa tena, kisha kiwiko kikajikunja na ngumi ikamfika mdomoni. Akainyonya kwa kelele. Mchele niliumwaga wote.

Sasa yuko darasa la kwanza. Anabeba ndoo ndogo ya maji, anapanda mpera wa jirani kiasi cha kugombezwa. Bega halijanyooka lote. Akitaka kujibu swali darasani anainua wa kulia. Lakini wale walioniambia ameshakuwa kilema, leo wanamtuma dukani.

Nimerefusha, najua. Ninachotaka mkishike ni hiki: hizi refleksi za kuzaliwa nazo zinasema kwa namna mbili. Kwanza, ziko sawa pande zote? Pili, zinaondoka kwa wakati wake? Maana zinapaswa kuondoka. Ile ya kushtuka huisha kati ya miezi mitatu na sita. Ile ya kiganja kubana kidole nayo hivyohivyo. Isipoondoka, inaziba njia, kwa sababu mkono ambao bado unabana kwa lazima hauwezi kuchagua kushika njuga na kuiachia. Kuna na lile pozi la mpiga mshale: mtoto akigeuza kichwa, mkono wa upande ule unanyooka, wa pili unakunjika kisogoni. Wa miezi miwili anapendeza nalo. Akifika miezi sita na bado kila akigeuka linamkamata, atajiviringisha vipi? Atapelekaje mkono mdomoni?

Nyingine inawatia watu wazimu. Mtoto wa wiki mbili ukimsimamisha, miguu ikagusa kitanda, anapiga hatua. Nyumba nzima vigelegele, "huyu atatembea kabla ya meno!" Ikifika miezi miwili hatua zinapotea, vigelegele vinageuka minong'ono ya jicho baya. Hakuna jicho. Mtafiti mmoja wa Marekani, Esther Thelen, aliwatia watoto wa namna hiyo majini miaka ya 1980, hatua zikarudi, kwa sababu miguu ilikuwa imenenepa tu, mizito kwa misuli ile midogo. Na ipo inayokuja badala ya kuondoka: kwenye miezi minane au tisa, ukimwinamisha mbele ghafla, ananyoosha mikono yote miwili kujikinga. Hiyo tunazeeka nayo.

Jamani mama zangu, acheni kushindanisha watoto! Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wazima wa afya katika nchi tano, Oman ikiwemo, na matokeo ya 2006 yanasema kutembea bila kushikwa ni kuanzia miezi 8 hadi 17 na nusu. Wote hao wazima. Wengine hawakutambaa kabisa, wakasimama tu wakaenda. Kwa hiyo wa wifi yako kutembea na miezi kumi si taarifa ya habari. Na msimtumbukize mtoto kwenye kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea ili muwahi. Kanada wamepiga marufuku kuviuza tangu 2004, sisi tunavipeleka zawadi za arobaini. Badala ya kuhesabu nani katangulia, mfungue mtoto kanga, mlaze chini, mtazame. Kulia na kushoto. Kila siku. Kliniki wanamwona dakika tano, wewe unamwona mchana kutwa. Na ukiambiwa kilo zimepanda, jibu: nimeuliza mkono.

Namrudia dada wa Morogoro. Ngumi ya mtoto mchanga haina neno. Baada ya miezi mitatu viganja vinatakiwa viwe wazi muda mwingi. Kidole gumba kubanwa ndani mwezi wa tano, na upande mmoja kuzidi mwingine, hilo linataka mtu wa kulichunguza. Si lazima liwe baya, ila si la ubondia wala ubahili. Nikamwomba anirekodie video mtoto akiwa macho, ameshiba, amelazwa chali, asimshikishe kitu. Asubuhi akaituma, sekunde arobaini. Nimeiangalia mara sita. Gumba la kulia lilitoka mara nne, mara ya mwisho likagusa blanketi. La kushoto halikutoka.

Nimemwambia aende na hiyo video Jumatatu, asingoje tarehe ya chanjo. Ameuliza kama amwambie mumewe. Nimemwambia aende naye.