Mnaoingia vikundi vya hisa, vya kuweka na kukopa, mwaka huu, angalieni mmea kabla ya hela

Mashoga zangu, mie huu mwaka wa saba nashika ukatibu kwenye kikundi chetu huku Pemba upande wa Konde, tuko 26 wanawake watupu, wengi wa shamba, na kila wakija wageni suala ni lile lile, "ntapata kukopa kiasi gani?" Mie naona hilo la pili. La kwanza unapanda nini na kitauzika lini.

Nasema ivi nina kovu. Mwaka wangu wa mwanzo nilikuwa na hisa za laki moja, na kwetu unakopa mpaka mara tatu ya ulichoweka, basi nikabeba laki tatu zote maana niliona nikiacha ntakuwa nimeacha haki yangu, nikanunua mbegu ya tungule (nyanya), mbolea, dawa, nikamlipa kijana wa kulima, mwezi wa tatu. Masika! Majani yakaanza madoa ya kahawia, wiki haikwisha shamba lote limeungua kama lililomwagiwa maji ya moto. Na hata mvua isingenyesha hesabu ilikuwa haikai, mkopo wa miezi mitatu, tungule kitaluni wiki nne, ukishahamisha unangoja tena miezi miwili na zaidi, yani siku ya marejesho ndo kwanza zinaanza kupata rangi. Nikauza mbuzi wa mama. Mpaka leo akiniona na kitabu cha hisa ananiuliza, "na mara hii unamuuza nani?"

Kwa iyo sasa mgeni namwambia kopa elfu hamsini, piga matuta manne ya mchicha na samadi ya ng'ombe, wiki tatu nne ushauza, unapanda tena, marejesho yanatoka humo humo. Bamia inakaa kama miezi miwili lakini ikishaanza unachuma siku moja unaruka moja, hela inaingia kidogo kidogo. Tungule zingoje kipupwe, masika yakishapita, na uwe karibu na kisima, na kama unaweza zilime kwa hela ya mgao, ile akiba yako unayorudishiwa tukigawana, si ya mkopo.

Wa kuku, chanjo ya kideri iingie kwenye hesabu ya mkopo tangu siku ya kwanza, usiseme ntatafuta baadae. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wengi kuliko wako, kwa iyo changieni na majirani, na afadhali maana kuku wa jirani akiumwa wako hawaponi.

Wenzetu wa mwani kule Micheweni nao wana mambo yao. Mwani wiki sita hivi unavunwa, lakini anaeamua ni bamvua, zile siku maji yanakupwa sana, maji yasipokauka huingii, sasa ukimwandikia mtu alipe tarehe 10 na bamvua iko tarehe 16 unamtaka akope kwengine aje akulipe. Sisi tulibishana sana mpaka tukakubali wao walipe kwa bamvua. Alafu mwani una aina mbili, cottonii bei yake nzuri lakini maji yakipata moto wakati wa kaskazi inakufa, spinosum inavumilia ila bei ndogo, kwa iyo asikope mkopo mkubwa wa cottonii ndani ya kaskazi mtu akaja kulia kwetu.

Hela ukishapewa isilale nyumbani. Kanunue mbegu siku ile ile, maana ikilala tu asubuhi baba watoto keshakumbuka tairi la baiskeli na mtoto keshakumbuka sare ya skuli, na wote wana haki, ndo ubaya wake.

Kuhusu sanduku msiwe na wasiwasi, makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, na anaeweka sanduku kwake hana hata mmoja. Kabla hatujafunga tunahesabu mbele ya wote na kila mtu anakariri salio, kikao kijacho namwinua yeyote, "tuliacha ngapi?" Kuna bibi mmoja hasomi wala haandiki, hajakosea hata siku moja, mie katibu nishakosea mara mbili. Mpango huu wa vikundi shirika la CARE waliuanza Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, wengi wao nao hawakusoma, ndo maana unakwenda kwa kichwa.

Riba tulikuwa tunatoza, tukaenda kuuliza kwa shekhe, tukafuta. Mgao sasa ni ule ule ulioweka, hauvimbi, na wapo waliotoka kwa sababu hiyo sikatai. Waliobaki wanalala usingizi.

Tunakaa Alkhamis baada ya alasiri barazani kwa madrasa. Anaechelewa anatoa mia tano kwenye mfuko wa jamii, wa kusaidiana, na kwa kulipa hiyo mia tano mie ndo naongoza.