Handibreki haishiki mlimani Riat

SWALI: Pikapu yangu ni ya mwaka 1994, breki za nyuma ni za dramu. Nikiegesha Riat na mzigo wa mchanga inarudi nyuma hata nikivuta handibreki mpaka mwisho. Fundi amekaza kebo mara mbili, lakini ilishika wiki moja tu. Sasa gurudumu la nyuma kushoto linapata moto. Nifanyeje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Kebo isikazwe tena. Irudishe ilivyokuwa, ilegee kabisa, maana tatizo liko ndani ya dramu. Breki shuu, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, zikiisha, pengo kati yake na dramu hukua. Ukiliziba pengo hilo kwa kukaza kebo, wenzo wa ndani haurudi mahali pake, ajasta (kifaa chenye meno kinachorekebisha pengo hilo) haifanyi kazi, na shuu hubaki zikisugua. Moto wa kushoto huenda unatoka hapo, au kebo ya upande huo imekwama.

Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, kisha inua ekseli ya nyuma na uilaze juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi, tafadhali. Weka gia huru, achilia handibreki. Dramu ikigoma kutoka, tazama kama ina matundu mawili yenye nyuzi: bolti za milimita 8 zikikazwa kwa zamu huisukuma nje. Vumbi la ndani usilipulize kwa upepo, kwani shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lioshe kwa maji ya sabuni.

Sehemu ya kusugua ya shuu ikibaki chini ya milimita 2, badilisha zote nne. Ikiwa imelowa, nusa: mafuta ya difu yanamaanisha oili sili ya ekseli (mpira wa kuzuia mafuta) imechoka, mafuta ya breki, silinda ya gurudumu inavuja. Tengeneza uvujaji kwanza. Shuu iliyolowa haiokolewi kwa msasa wala petroli. Kipenyo cha mwisho cha dramu kimechapwa juu yake, ikikipita, itupe.

Kisha fungua kebo na uivute kwa mkono. Iende na irudi bila kukwama. Mpira wake ukipasuka, maji na matope huingia na kutu hukaa ndani. Kuitia oili ni nafuu ya siku chache, kwa hiyo nunua mpya.

Sasa rekebisha ajasta, kila upande, mpaka dramu ibane, halafu rudisha ajasta meno machache hadi gurudumu lizunguke likikwaruza kidogo tu. Kanyaga breki mara kadhaa, pima tena. Kebo ndiyo ya mwisho: kwa wenzo wa kati ya viti, milio 5 hadi 8 ya meno yake ukiuvuta kwa kawaida inatosha, mpini wa kuvuta chini ya dashibodi huenda mbali zaidi. Ukiachilia, magurudumu yote mawili yazunguke huru kwa mkono.

Shuu mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Zipe kilomita 300 hivi, kisha rudia kurekebisha ajasta. Kabla ya hapo, ukisimama Riat na mchanga, weka gogo nyuma ya gurudumu.