Seli Ikishambuliwa, Mbona Hupunguza Kazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu wa baiolojia alitueleza kwamba seli ikizidiwa na kemikali kali zitokanazo na oksijeni, hupunguza utengenezaji wa protini. Sikuelewa, kwa maana vimeng'enya vinavyoziondoa kemikali hizo navyo ni protini. Inakuwaje seli ifunge kiwanda wakati inapohitaji silaha?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Naona tatizo liko kwenye neno "kufunga", ambalo hutumika kwa wepesi mno. Seli hupunguza kazi zake za kawaida, na kupunguza huko ndiko kunakofungulia njia protini chache za kujihami.

Sababu ya kupunguza si ngumu kuiona. Kila asidi amino (tofali la protini) inayoongezwa kwenye mnyororo wa protini hugharimu angalau bondi 4 za fosfati zenye nishati nyingi, na protini moja huweza kuwa na mamia ya asidi amino. Tena protini changa, ambayo bado haijakunjika ikapata umbo lake, huharibiwa na haidrojeni peroksaidi, mojawapo ya kemikali hizo kali, na wenzake kwa urahisi kuliko iliyokomaa, hivyo kuendelea kuzitengeneza kwa wingi ni kuongeza taka za kusafisha baadaye.

Utamu uko kwenye namna jambo hili linavyofanyika. Ili ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ianze kusoma RNA mjumbe, yaani nakala ya maagizo ya jeni, protini iitwayo eIF2 huiletea asidi amino ya kwanza, methionini. Msongo wa oksijeni, yaani kuzidiwa na kemikali zile, unapozidi, vimeng'enya maalumu (binadamu anavyo 4, hamira ina kimoja tu, Gcn2) hubandika fosfati kwenye eIF2. Ikishabandikwa, eIF2 humng'ang'ania msaidizi wake, eIF2B, ambaye kazi yake ni kuiandaa kwa safari nyingine, na punde si punde waleta methionini wanakuwa haba katika seli nzima.

Sasa tazama RNA mjumbe ya ATF4, protini inayowasha jeni nyingi za kujihami. Kabla ya ujumbe wenyewe kuanza, kuna vipande viwili vifupi. Ribosomu husoma cha kwanza, kisha huendelea kuteleza juu ya uzi ikisubiri methionini nyingine. Siku za kawaida huipata upesi, ikaanza kusoma kipande cha pili, ambacho kimepandana na mwanzo wa ujumbe halisi. Kwa hiyo huupitiliza mwanzo huo, na ATF4 haitengenezwi. Wakati wa msongo huchelewa kuipata, ikaupita mwanzo wa kipande cha pili mikono mitupu, na inapopata mzigo wake ndipo inapokuwa imefika penye mwanzo wa ATF4. Uhaba uleule unaozizuia protini nyingine ndio unaoitoa hii. Katika hamira, RNA ya GCN4, protini yenye kazi kama ya ATF4, ina vipande vya namna hiyo 4, na ni kwa kuvichunguza hivyo, tangu miaka ya 1980, kwamba mtafiti Alan Hinnebusch na wenzake waliufumbua mtego huu.

ATF4 nayo huisaidia seli kupata sisteini, asidi amino ya kutengenezea glutathioni, ambayo huzima kemikali zile kali. Baadaye hutokea protini nyingine, GADD34, inayosaidia kuing'oa fosfati kwenye eIF2 ili kazi irudi. Msongo usipokoma, njia hiyohiyo huweza kuipeleka seli kwenye kifo chake.

SWALI: Tunaambiwa tuwe waangalifu na primakwini, dawa ya malaria, kwa wagonjwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu hupasuka. Je, chembe hizo haziwezi kutengeneza kimeng'enya zaidi zinaposhambuliwa?
Muuguzi, Tanga

JIBU: Haziwezi, ndugu yangu, na hapo ndipo ilipo shida yao. Ikiwa bado changa ndani ya uboho, chembe nyekundu hutengeneza protini kwa kipimo: kimeng'enya kimoja kati ya vile 4 nilivyovitaja hapo juu, HRI, hupunguza globini (sehemu ya protini ya hemoglobini) pale hemu (sehemu yake yenye chuma) inapopungua. Lakini kabla ya kuingia kwenye damu hutupa kiini chake, na baada ya siku moja au mbili hupoteza ribosomu zake pia. Kwa muda wa siku 120 hivi zinazobaki huishi kwa akiba iliyopewa na uboho.

G6PD ni sehemu ya akiba hiyo. Ndiyo inayoipatia chembe NADPH, molekuli ya kuirudisha glutathioni kazini kila inapotumika. Katika aina ya upungufu iliyoenea Afrika, iitwayo A-, kimeng'enya huchakaa haraka, hivyo primakwini huzipasua kwanza chembe zilizozeeka, na mkojo wa mgonjwa huweza kuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea. Chembe changa, zilizotoka uboho karibuni, bado zinacho cha kutosha na nyingi huponea. Katika aina ya Mediterania hata hizo changa zina kimeng'enya kidogo mno, na kupasuka huwa kukali zaidi.