Ukitaka kuanzisha kijarida cha watu wetu, anza na barua

Asubuhi moja pale Mabatini, Mwanza, nilinunua vitumbua vya shilingi 500, nikavifungua ndani ya daladala, nikakuta mafuta yameloanisha karatasi ninayoifahamu. Ilikuwa ukurasa wa tano wa kijarida chetu, sisi tunaopenda wa jinsia yetu. Juu yake kulikuwa na barua ya dada mmoja wa Bukoba aliyeuliza afanye nini, maana wazazi wameshapokea mahari ya mwanaume asiyemtaka, na anayempenda ni msichana wa mtaa wa pili. Vitumbua nilivila, njaa haina aibu, ila mikono ilitetemeka mpaka Buzuruga.

Wakati huo nilikuwa mchapaji kwenye stesheneri. Mchana nachapa ripoti za wanachuo, barua za kuomba kazi na kadi za michango ya harusi. Jioni, bosi akishaondoka, nachapa yetu: karatasi mbili za A4, mbele na nyuma, unazipinda katikati, unapiga stepla, unapata kurasa nane. Kopi 20 kila toleo. Zile zilizotoka na wino hafifu nilizitupa kwenye boksi chini ya mashine, nikasahau kwamba mama wa vitumbua huja kuchukua karatasi za kufungia kila Ijumaa. Kilichotuokoa ni kimoja tu: ukurasa ule haukuwa na jina la mtu.

Wadogo zangu wa sasa wananiuliza namna ya kuanzisha kitu kama kile. Naona wengi wanaanza na nembo, jina kali, na makala ndefu ya kueleza sisi ni akina nani. Mimi nilikosea hivyo hivyo. Toleo letu la kwanza lilikuwa kilio mwanzo mwisho, nilikiandika mwenyewe karibu chote, na hakuna aliyeniambia neno. La pili nikaacha ukurasa mmoja mtupu, nikaandika juu: "Hapa ni pako." Zilirudi barua sita.

Baadaye sana ndipo nilipopata habari za Edythe Eyde, nikacheka peke yangu. Mwaka 1947 huko Los Angeles alikuwa katibu muhtasi katika kampuni ya filamu ya RKO. Kazi zilikuwa chache na bosi wake alitaka aonekane anachapa muda wote, basi akachapa kweli: jarida la wanawake wanaopenda wanawake, akaliita Vice Versa. Aliweka karatasi za kaboni kwenye taipureta, akarudia kuchapa mara ya pili, akapata nakala kama 10 hivi. Akawaomba wasomaji wasizitupe, wapeane. Mwanzoni alituma chache kwa posta, rafiki akamwonya, akaacha, akawa anazigawa kwa mkono. Alitoa matoleo tisa tu. Baadaye alijiita Lisa Ben, ambayo ni herufi za neno la Kiingereza la mwanamke wa namna yetu, zimepanguliwa. Huyo ni mtu wa stesheneri kabisa.

Kwa hiyo usione aibu na nakala 20. Nakala moja ya kwetu ilizunguka kutoka Igoma hadi Sengerema, ikarudi imeshonwa kwa uzi kwa sababu stepla zilikuwa zimeng'oka.

Nirudi kwenye barua, maana hapo ndipo penye kazi yenyewe. Wazee wetu walilijua hili: Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilijaa barua na mashairi ya wasomaji, mtu wa Tanga akimjibu wa Tabora ambaye hajawahi kumwona. The Ladder, jarida la chama cha wanawake cha San Francisco lililoanza 1956, lilifanya hivyo kwa watu wa namna yetu. Mwaka 1957 liliandikiwa na msomaji aliyesaini kwa herufi za majina yake tu. Alikuwa Lorraine Hansberry, mwandishi mweusi ambaye miaka miwili baadaye tamthilia yake ilipanda jukwaa la Broadway. Hata mtu kama yule alihitaji mahali pa kusema bila kuonekana uso.

Barua ya mahari ilipotoka, majibu yalianza kuingia. Mama mmoja wa Ukerewe, mwenye wajukuu, alimweleza namna ya kuzungumza na shangazi kabla ya baba. Kijana wa Kirumba, muuza dagaa pale Mwaloni, alisema binti akikimbia, yeye ana chumba cha akiba kwa dada yake. Mwingine alimkaripia kwamba anamwaibisha mama yake, nikaichapa hiyo pia, kwa sababu watu walitaka kuijibu. Kufika toleo la nne, kila nikikutana na msomaji swali lilikuwa moja: "Yule wa mahari kaishiaje?" Hawamjui jina, hawamjui sura, lakini ni wao. Mimi nilikuwa sijaandika makala yoyote kuhusu umoja.

Sasa majina. Hapa nitakuwa mkali kama mama mkwe.

Usiweke orodha. Si kwenye simu, si kwenye flashi, si kwenye daftari la kikoba. Henry Gerber alisajili chama cha watu wetu Chicago mwaka 1924 na kutoa kijarida, Friendship and Freedom, matoleo mawili. Mwaka 1925 polisi walimkamata, wakabeba taipureta yake na karatasi zake, na chama kikafa. The Ladder nao walilazimika kuandika makala nzima ya kuwaahidi wasomaji kwamba majina yao yako salama. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 2010 hapo Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, gazeti moja la udaku lilichapa picha na majina ya makuchu, ndivyo watu wetu wanavyojiita kule, likitaka wanyongwe. Mmoja wa waliochapwa, David Kato, alilishitaki pamoja na wenzake wawili, wakashinda Januari 2011. Mwezi huo huo aliuawa nyumbani kwake.

Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Mwishoni mwa 2014, Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake walitoa jarida la Bombastic huko huko Uganda, watu wakisimulia maisha yao wenyewe, likagawiwa bure. Nilisoma nakala moja iliyokuwa imechakaa mpaka jalada limepotea.

Wasomaji wetu tuliwapa majina ya samaki. Kulikuwa na Furu, Ningu, Gogogo, na mzee mmoja aliyejichagulia Kamongo kwa sababu, alisema, yeye anaweza kukaa topeni kiangazi kizima. Hakuna aliyekubali kuitwa Sangara, mla wenzake. Ukitumia mbinu hii, mtu ajichagulie mwenyewe, na wewe mhariri ulijue kichwani basi.

Wapo watakaokuambia habari za ONE, lile jarida la watu wetu la Los Angeles ambalo posta ilizuia toleo lake la 1954, wakaenda mahakamani na kushinda kwenye Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1958. Ni habari tamu, lakini sisi Tanzania tuna kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha "kinyume cha maumbile", na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Usijaribu ushujaa wa kuazima. Kopi mbovu choma mwenyewe, na faili ukishalichapa lifute, kisha nenda kalifute tena kule linakokwenda likifutwa.

Fedha tulichanga kama kikoba, mwenye mia tano na mwenye elfu mbili. Lugha andika ya kwako, ile ya barazani. Weka na vitu vya kawaida. Ukurasa uliosomwa kuliko yote ulikuwa wa fundi cherehani aliyefundisha kupunguza suruali ya mitumba.

Barua ya pili ya yule dada ilikuja Novemba, imekunjwa ndani ya kopo la senene. Mistari mitatu tu: "Mahari imerudi, kasoro mbuzi mmoja aliyekwisha kuliwa. Baba hanisemeshi. Toleo jipya liko wapi?"