Bega la barabara si njia ya akiba

SWALI: Injinia, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kijiji chetu kiko kando ya barabara kuu ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, kati ya Mafinga na Makambako. Malori ya Tunduma, mpakani, yamezidi. Yale ya magogo yanapanda milima kwa kujikongoja, na nyuma yake kuna msururu wa mabasi na magari madogo. Wanaochoka kusubiri wanachomoka, na magari kugongana uso kwa uso kumekuwa jambo la kawaida. Mkandarasi mmoja aliyewahi kufanya kazi wilayani kwetu ametushauri tuiombe serikali iweke lami nzito kwenye mabega, yaani kingo zilizo nje ya njia za magari, na kuchora mistari upya, barabara iwe ya njia nne. Anasema ni kazi ya miezi michache na hakuna nyumba itakayobomolewa. Kamati ya kijiji imeniomba niandike barua. Je, ushauri huo ni sahihi? Na barua tumpelekee nani?

JIBU: Mwalimu, barua iandikeni, ila ombi hilo la mkandarasi lifuteni kabisa. Nalikuta kila ninakokwenda, kwenye mabaraza ya madiwani, kwenye vikao vya halmashauri, hata kwa watu wenye vyeti vya ufundi: barabara ikipanuka inakuwa salama, na upana wenyewe unapatikana kwa kuyala mabega. Wazo hili linaua watu, na linakera zaidi kwa sababu hesabu ya darasa la tano inatosha kuliangusha.

Chukua barabara yenye lami ya mita 7 na bega la mita 2 kila upande. Jumla ni mita 11. Gawa kwa nne, kila njia inapata mita 2.75. Lori la kawaida lina upana wa mita 2.5, vioo vya pembeni havijahesabiwa. Likikaa katikati kabisa ya njia yake, linabakiwa na sentimita 12 na nusu kila upande, na vioo tayari viko kwenye njia ya mwenzake. Lori lililo njia ya ndani litakuwa limebanwa na basi kushoto, na kulia linapishana na lori jingine linalotoka Tunduma. Yote mawili yakiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, yanakaribiana kwa mwendo wa 160. Na hiyo ni barabara pana. Pale ambapo lami ni mita 6.5 na mabega ni mita 1.5, kila njia itapata mita 2.375. Lori lenyewe haliingii humo.

Sasa jiulize, waliokuwa kwenye bega watakwenda wapi? Kijijini kwenu bega ndiyo njia ya watoto kwenda shule na ya mama aliyebeba kuni. Ndipo baiskeli zinapopita na bodaboda inaposhusha abiria. Lori likiharibika usiku, linajivuta hapo na utingo anaweka matawi nyuma yake. Ukilifanya bega kuwa njia ya gari, lori hilo litalala katikati ya njia inayotumika, na nyanda zenu za Mufindi zina ukungu ambao dereva haoni mbele. Mkandarasi aliposema hakuna nyumba itakayobomolewa alisema kweli. Hakusema barabara inawachukulia nini watu wa nyumba hizo.

Wanaodhani haya ni maoni yangu tu wasome mwongozo wa usalama wa barabara wa AASHTO, chama cha idara za barabara za majimbo ya Marekani, uliotoka mwaka 2010 na kujengwa juu ya kumbukumbu za ajali za miaka mingi. Kwa barabara za vijijini za njia mbili zenye zaidi ya magari 2,000 kwa siku, ajali za kuacha njia, kugusana ubavu na kugongana uso kwa uso ni mara 1.5 kwenye njia ya upana wa takriban mita 2.7, ukilinganisha na njia ya mita 3.6. Kwenye njia ya mita 3.0 ni mara 1.3, na kwenye mita 3.3 ni mara 1.05. Tazama jinsi faida inavyokwisha haraka: kutoka mita 2.7 hadi 3.3 umeokoa watu wengi, kutoka 3.3 hadi 3.6 umeokoa wachache sana. Na bega? Barabara isiyo na bega kabisa ina ajali hizo mara 1.5 ya ile yenye bega la mita 1.8. Anayewashauri njia za mita 2.75 bila bega amechukua hatari hizo mbili na kuziunganisha mahali pamoja.

Kuna jambo la pili ambalo wapenda upana hawalitaji, nalo ni mwendo. Dereva haongozwi na kibao peke yake, anaongozwa na anachokiona mbele. Akiona lami pana na iliyonyooka, mguu unashuka wenyewe, hata kama kibao cha kijiji kinasema 50. Shirika la Afya Duniani limekuwa likirudia kwamba kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye wastani wa mwendo inaongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Wastani ukipanda kutoka 80 hadi 88, jambo ambalo dereva wala halihisi, hatari hiyo inakua kwa karibu nusu. Kwa hiyo mradi wa kupanua ambao haukufikiria mwendo unaweza kuongeza makaburi huku kila mtu akiusifia ulaini wa lami.

Wasweden walishalipia somo hili. Walikuwa na barabara nyingi za vijijini zenye upana wa mita 13, njia mbili na mabega mapana. Madereva wakazoea kusogea begani ili wapitwe, na yule anayepita akawa anatanua mpaka upande wa pili. Barabara hizo zikawa maarufu kwa vifo vya kugongana uso kwa uso. Mwaka 1998, kwenye barabara ya E4 karibu na mji wa Gävle, walijaribu jambo jingine. Hawakuongeza upana. Waligawa ule uliokuwapo kuwa njia tatu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikipokezana kila baada ya kilomita kadhaa, na katikati wakasimamisha uzio wa nyaya za chuma. Kwenye barabara za namna hiyo vifo vilishuka kwa takriban robo tatu. Kilichookoa watu ni kutenganisha magari yanayoelekeana na kumpa kila dereva hakika kwamba nafasi yake ya kupita inakuja. Msiunakili uzio huo kijijini kwenu, ambako watu na ng'ombe wanavuka kutwa nzima. Lakini kanuni yake ni ileile hata Mufindi.

Turudi kwenye msururu wenu. Kila mtu anadhani foleni maana yake ni uchache wa njia. Barabara ya njia mbili, kwenye eneo tambarare na bila vikwazo, inaweza kupitisha magari madogo hadi 3,200 kwa saa kwa pande zote mbili. Barabara inayopitisha magari 5,000 kwa siku nzima haina hata 1,000 katika saa yake yenye shughuli nyingi. Hata ukihesabu kila lori kama magari madogo kadhaa, bado njia hazijajaa. Foleni zenu zinatoka kwenye mlima, kwenye mizani, kwenye makutano na katikati ya miji kama Makambako. Ukiongeza njia kwenye tambarare iliyo kati ya sehemu hizo, unawafikisha madereva mapema kwenye foleni ileile.

Mlimani ndiko shida yenu iliko. Lori la magogo lenye urefu wa mita 18 linapanda kwa kilomita 60 kwa saa, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Gari dogo linataka kulipita kwa 90. Tofauti yao ni mita 8.3 kwa sekunde. Ukijumlisha urefu wa magari yote mawili na nafasi ya mita 20 nyuma na mbele, gari dogo linahitaji kupata mita 63 zaidi ya lori, yaani kama sekunde saba na nusu kwenye njia ya wengine. Ndani ya sekunde hizo limesafiri karibu mita 190, na gari linalokuja kwa mwendo huohuo nalo limesafiri 190. Dereva huyo anapaswa kuona mbele mita 380 bila kizuizi, kabla hujaweka akiba yoyote ya usalama. Kwenye kona za milima ya Mufindi mita hizo hazionekani, na kwenye ukungu usithubutu. Wanaochomoka hapo si wote wahuni. Wengi wamekaa nyuma ya magogo nusu saa, hawajui mbele kuna nafasi au hakuna, wakakata shauri vibaya.

Dawa ya hapo ni njia ya tatu ya kupandia, kwenye miinuko mirefu tu, ijengwe kwa upana kamili na bega lake libaki. Na isiishie kileleni. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona linakosewa: njia ya malori inakatwa kwenye kilele chenyewe, ambako lori bado ni zito na dereva wa nyuma haoni upande wa pili. Wote wanabanana palepale pabaya kuliko pote. Iendelee kushuka upande wa pili mpaka lori lirudishe mwendo na kila mtu aone mwisho wa njia kutoka mbali.

Basi ombi lenu liwe hivi: njia za kupandia kwenye miinuko mnayoitaja kwa majina, mabega yalindwe na yawekewe lami pale yalipochimbika, njia ya waenda kwa miguu nje ya bega kijijini, na ukaguzi wa usalama wa barabara kabla ya usanifu wowote. Nafasi mara nyingi ipo. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande. Mwandikieni Meneja wa TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, wa mkoa wenu, Iringa au Njombe kutegemea kijiji kiko upande gani, na nakala kwa mkuu wa wilaya na polisi wa usalama barabarani. Ambatanisheni daftari la ajali: tarehe, saa, mahali, zilivyotokea. Kijiji chenye daftari kinasikilizwa kuliko kijiji chenye malalamiko.

Sasa naomba niseme na wengine, maana swali la Mwalimu nimeletewa na watu wa Shinyanga, wa Tanga na wa Kigoma kwa maneno mengine. Wanaouza upanuzi wa haraka wana mtindo mmoja. Wanakwangua bega, wanamwaga kifusi, wanapitisha mashine mara mbili, wanafunika kwa lami. Bega halikujengwa kubeba ekseli za malori siku zote, na mara nyingi matabaka yake ni membamba kuliko ya barabara yenyewe. Upanuzi halisi unataka kingo za zamani zikatwe kwa ngazi ili tabaka jipya lishikane na la zamani, na kila tabaka lishindiliwe na kupimwa. Ukanda wa mita moja hauingii shindilia kubwa, kwa hiyo vishoka hawashindilii, wanapapasa tu. Kiungio nacho kisipite pale magurudumu yanapokanyaga. Wasipofanya hivyo, masika ya kwanza utaona ufa mrefu ulionyooka sambamba na barabara. Maji yanaingia humo, na ukanda mpya unazama. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hata masika hazisubiriwi.

Angalieni pia makalavati. Barabara ikipanuliwa na kalavati likabaki na urefu wa zamani, ukuta wake sasa uko ukingoni mwa njia ya magari, na maji yanakula tuta pembeni yake. Angalieni na kingo za lami. Tabaka jipya likiwekwa bila kuinua bega, inabaki ngazi ya sentimita kadhaa. Gurudumu likitumbukia hapo, dereva anakata usukani kwa nguvu, gari linapanda lami ghafla na kurukia upande wa pili. Polisi wataandika mwendokasi. Ngazi ile haitaandikwa popote.

Na kabla hamjapokea mradi wowote wa namna hii, ombeni kuona michoro na jina la mhandisi aliyeisaini, kisha ulizeni Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama yumo kwenye orodha yake. Mkandarasi aulizwe kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Mwenye kazi halali hakasiriki akiulizwa. Wapo pia wanaotangulia mradi, wanapita na kamba na rangi wakidai kupima nyumba zitakazobomolewa, na kuomba chochote ili jina lako liingie kwenye fidia. Fidia hulipwa na anayetwaa ardhi, na mwananchi halipii kuandikwa. Mtu wa namna hiyo akifika kwenu, Mwalimu, msimpe hata shilingi. Andikeni jina lake na namba ya gari lake, mpigieni mtendaji wa kijiji na ofisi ya TANROADS siku hiyohiyo.