Usimwoze Mzee Safina

Mwanangu mpenzi,

Hadithi yako nimeipata Ijumaa. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako asikie huko jikoni. Alicheka pale punda anapoingiza kichwa dirishani. Sasa tuje kwenye swali lako. Unasema mhariri amekurudishia kazi: babu mwenye paka tisa, kanga, punda na kobe eti ni mpweke kupita kiasi, watoto watahuzunika, kwa hiyo mwishoni umpatie mke au umletee wajukuu kutoka mjini. Unaniuliza mimi ningefanyaje.

Mimi nisingemwoza.

Unakikumbuka kisa cha paa? Nilikuwa nakusimulia umeme ukikatika. Maskini anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumni. (Si ile senti hamsini yetu, thumni ya enzi hizo, sehemu ya nane ya riale.) Anapita mtu anauza paa, naye thumni yote inaishia kwenye paa mmoja. Majirani wanamcheka: huyu mwenyewe hana cha kutia tumboni, mnyama atamlisha nini? Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikisikia kisa hicho Unguja, akakichapa mwaka 1870 ndani ya hadithi ya Sultani Darai. Paa akaanza kusema, akatoka malishoni akarudi na almasi, akamposea bwana wake binti wa Sultani, akampatia na jumba. Mhariri wako hapo angefunga kitabu.

Wasimulizi wa Unguja hawakufunga. Paa akaugua. Bibi kizee akatumwa kwa bwana kuuliza apewe nini, bwana akajibu apikiwe uji wa mtama duni. Mke, mgeni wa jana nyumbani humo, ndiye aliyemwonea huruma. Paa akafa, akatupwa kisimani. Yule bwana akaja kuzinduka yuko jaani palepale, anachakura. Ndiyo maana nasema, ukimwoza mzee wako jiandae: kuna mtoto atauliza, baada ya harusi nani aliwalisha paka?

Halafu huyo babu najua umemtoa wapi. Ni Mzee Safina, wa nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mkonge. Mlikuwa mnatupa mawe kwenye bati lake mkikimbia, mkisema wale paka ni majini. Nilikuchapa kwa ajili hiyo, nadhani hujasahau. Ila lipo jambo sijawahi kukwambia, na mwenye kustahili kiboko safari hiyo nilikuwa mimi.

Mwaka ule tulichanja kuku kijiji kizima dhidi ya ugonjwa wa mdondo. Kazi yenyewe si ngumu: unamshika kuku, tone moja jichoni, unamwachia, baada ya miezi mitatu unarudia. Nilipita nyumba kwa nyumba na chupa yangu ndani ya kibebeo chenye barafu. Kwa Mzee Safina nikaruka. Kuku wake walilala mtini, nikajiambia kuwakamata ni kazi ya usiku, nitarudi. Ukweli ni kwamba nilimkwepa mwenyewe. Ukiingia kwake saa tano unatoka saa nane, kwa sababu alikuwa hajaongea na mtu tangu juzi na maneno yote amekuwekea wewe.

Mdondo ukaingia. Nilipoitwa, uwanja ulikuwa umejaa kuku waliopinda shingo, mabawa yanaburuta, kinyesi kijani. Siku ya nne hakubaki hata mmoja. Kati ya waliokufa alikuwepo tetea mmoja aliyekuwa akiatamia mayai ya kanga, maana kanga wakifugwa ni walezi wa hovyo, hutaga vichakani wakasahau. Kuku huangua yake kwa siku 21, lakini ya kanga humshikilia 26 hadi 28. Mzee alikuwa akihesabu kwa vistari vya mkaa ukutani. Nilivihesabu: kumi na tisa.

Kitaalamu nilipaswa kumwambia ayafukie. Sikuwa na mdomo huo. Alikuwa ameyafunga kwenye msuli wake, ameyapakata, mayai kumi na manne. Akaniuliza, "Bwana mifugo, bata atakubali?" Habari ya chanjo hakuigusa, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Bata alikubali.

Basi turudi kwenye hadithi yako, mama. Wanyama wako hawali. Ukurasa wa tatu umeandika "aliwapenda sana", kisha ukapita. Futa. Mpeleke sokoni saa nne, wavuvi wakimaliza kuparua, aombe utumbo wa samaki. Agonge sufuria, paka waje. Jioni amsomee punda gazeti, lile la wiki iliyopita lililofungiwa dagaa. Hilo nililiona kwa macho yangu, na alikuwa akitua kwenye habari za bei ya mkonge amsikilize punda anasemaje. Mtoto akiona hayo atajua mzee ni mpweke, na atajua pia kwamba ana shughuli nyingi kuliko mwenyekiti wa kijiji. Na huyo kobe wako mpunguze. Kila akifungua mdomo anatoa mawaidha.

Mwisho nakupa huu, uamue mwenyewe. Mayai tisa yaliangua. Vifaranga wa kanga wakamfuata bata kama mama yao, hadi kwenye dimbwi la bombani. Bata akajitosa. Wao wakasimama ukingoni, wote tisa, wanapiga kelele, na bata katikati ya maji anawaita, hawaelewi wamekosana wapi. Mzee akatoka, akavua ndala, akakunja msuli mpaka magotini, akaingia dimbwini kumtoa bata. Akamkosa. Akarudia, akamkosa tena. Mimi nilikuwa njiani na baiskeli. Nikaiegemeza kwenye mwembe, nikavua viatu.

Mchoraji wako ataiweza picha hiyo? Mama yako anakusalimu sana, anauliza punda anaitwa nani.

Baba yako