Jibu kwa kaka anayeuliza kuhusu mdogo wake wa kike: hesabuni pedi kwanza

Kaka, umeuliza kama ni kawaida mdogo wako wa miaka 19 kubadili pedi kila baada ya saa moja na kukaa siku tisa hedhini, na mama yenu amekujibu kwamba wanawake wa ukoo wenu ndivyo walivyo. Umesema pia unaona haya kumuuliza mwenyewe. Ngoja nikusimulie yangu, maana na mimi niliambiwa ni za ukoo, nikaamini mpaka nikafika miaka 33.

Mimi mtoto wa Kisarawe. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kungwi akanifundisha kufunga sodo, kufua tambara usiku na kulianika chini ya khanga nyingine lisionekane. Akanifundisha na shanga: ukiolewa, ukitundika nyekundu kitandani mume anajua uko mwezini, hana haja ya kuuliza. Simdharau, usafi alinifundisha vizuri sana. Lakini somo lililotawala mengine yote lilikuwa kwamba damu yako asiione mtu, hata mama yako mzazi. Sasa utajuaje kama yako ni nyingi, ikiwa hujawahi kujua ya mwenzio ni kiasi gani?

Nashona nguo Kariakoo. Siku zangu zikifika nilikuwa navaa dera jeusi, naweka khanga iliyokunjwa mara nne juu ya stuli, na sisimami mpaka wateja waondoke. Siku moja mwenzangu wa cherehani ya jirani akaniomba pedi. Nikafungua mkoba, akaona pakiti tatu. "Shoga, umefungua duka?" Nikamwambia hizo za leo na kesho tu. Kicheko kikamkatika. Yeye, akasema, pakiti moja ya pedi nane inamtosha mwezi mzima, na mara nyingine zinabaki mbili. Nimeolewa, nimezaa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia mwanamke mwenzangu akitaja idadi. (Serikali ilipofuta VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018 nadhani nilifurahi kuliko wote. Bei dukani haikusogea, na 2019 kodi ikarudi.)

Dalili nyingine nilikuwa nazo, ila nilizipa majina mengine. Nikipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili moyo unadunda kama nimefukuzwa na mbwa; nikasema ni unene. Udongo wa pemba nilikuwa natafuna kutwa, majirani wakasema nina mimba, mama mkwe akaanza kufurahi. Kumbe hamu ya udongo au barafu mara nyingi ni mwili uliopungukiwa madini ya chuma. Daktari alinivuta kope la chini, akaangalia mule ndani panapotakiwa kuwa pekundu, kisha akaniuliza nimekuja na nani. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5.4. Mwanamke asiye na mimba akiwa chini ya 12 tayari anahesabiwa ana upungufu. Altrasaundi ikaonyesha fibroidi, yaani uvimbe, tatu kwenye kizazi, kubwa kuliko zote kama chungwa.

Hospitali wakataka ndugu waje kuchangia damu. Mama akawapigia kaka zangu wawili, akawaambia nina malaria kali. Kaka mkubwa akatoka Mbagala, akatoa damu, akaja kukaa pembeni ya kitanda akiniuliza kama huwa nalala ndani ya chandarua. Nikamjibu ndiyo. Chupa ya damu inaning'inia juu yetu, na mimi namjibu habari za mbu.

Kizazi sikutolewa, ingawa hicho ndicho mama alichokuwa akikiogopa. Nilipewa vidonge vya chuma, na dawa ya asidi ya tranexamiki ya kumeza siku za hedhi tu, ya kupunguza damu. HB ilipopanda nikapasuliwa, zikatolewa fibroidi peke yake. Vidonge vya chuma usivimeze na chai ya majani, inazuia chuma kuingia mwilini; mimi nilipoteza mwezi mzima kwa kosa hilo.

Sasa mdogo wako. Kwa umri wake fibroidi si za kawaida sana. Kama damu imekuwa hivyo tangu alipovunja ungo, muulizeni daktari kuhusu matatizo ya kuganda kwa damu, hasa ugonjwa wa von Willebrand, ambao unarithiwa. Mama yenu anaweza kuwa amesema kweli bila kujua: ni za ukoo, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda kupima. Muulizeni kama anatokwa na damu puani ovyo, kama aling'olewa jino damu ikagoma kukata, na mama mwenyewe alivujaje alipojifungua. Asipewe aspirini ya maumivu.

Mwambie aandike kwenye simu mizunguko miwili: pedi ngapi kwa siku, siku ngapi, na kama anatoa mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi mia mbili. Ila akianza kizunguzungu au kuhema kwa shida, msisubiri mizunguko, nendeni siku hiyo hiyo. Wakimpa vidonge vya kuongeza damu bila kutafuta inakovujia, ulizeni tena. Na haya yako, kaka, anza tu kwa kumwambia umeona pakiti zinavyoisha. Yeye hawezi kuanza.

Kaka yangu nilimwambia ukweli miezi miwili baadaye, mama akiwa hayupo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mbona marehemu bibi naye alikuwa na mfuko wa udongo chini ya mto?"